Bidii hufuata haki, si ukubwa wa mshahara pekee

Wahenga walituachia usia usiochakaa: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Aghalabu usemi huu husikika mahakamani na katika majukwaa ya siasa. Mimi leo nataka kuupeleka kazini: shambani, kiwandani, afisini na, zaidi ya kote, shuleni. Nashikilia kwamba haki ni sehemu ya nguvu zinazoifanya kazi yenyewe, na kwamba inapokosekana mikono hulegea hata kama mfuko wa mfanyakazi haujapungua senti moja.

Kwa muda mrefu wanauchumi wengi walimchora mfanyakazi kama mtu anayetazama kitu kimoja tu, yaani mfuko wake. Mwongeze mshahara, ataongeza bidii. Mpunguzie, naye atapunguza. Ya jirani hayamhusu. Mchoro huo ni rahisi kufundishwa ubaoni, lakini yeyote aliyewahi kuketi katika majilisi ya walimu siku ya malipo anaijua kasoro yake. Mtu huhesabu chake, kisha humtupia jicho mwenzake.

Jambo hili si geni. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mna kisa cha wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Walioajiriwa alfajiri walipatana na mwenye shamba dinari moja kwa siku, wakaenda kazini wameridhika. Jioni wakawaona walioajiriwa saa kumi na moja wakilipwa dinari ile ile, ndipo wakaanza kunung'unika. Mafundisho ya kidini ya kisa hicho nawaachia wenye elimu hiyo. Ninachokitazama mimi ni yale manung'uniko. Dinari ya watu wa alfajiri haikupungua. Walichopata jioni ni cha kujilinganisha nacho.

Kabla sijaendelea, ningependa wanafunzi watenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa katika insha zao: usawa na haki. Usawa ni watu kupata kiasi kimoja. Haki ni kila mtu kupata anachostahili kwa kipimo ambacho wanaopimwa wanakikubali. Walimu wawili wanaweza kulipwa mishahara tofauti na pasiwe na dhuluma, iwapo mmoja ana wajibu mzito zaidi. Vivyo hivyo, wawili wanaweza kulipwa sawasawa na dhuluma ikawapo, iwapo mmoja hufundisha vipindi 30 kwa juma na mwenziwe 12. Hoja yangu yote inasimama juu ya tofauti hiyo.

Je, ni kweli kwamba binadamu hujali haki hata akakubali kupata hasara kwa ajili yake? Mwaka wa 1982 wanauchumi watatu wa Kijerumani, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze, walichapisha jaribio lililo sahili mno. Mtu mmoja hupewa fedha, tuseme shilingi 1,000, aambiwe azigawe kati yake na mtu mwingine asiyemjua. Yule wa pili akilikubali fungu alilotengewa, kila mmoja huchukua chake. Akilikataa, wote wawili hawapati hata ndururu. Ingekuwa binadamu hutazama mfuko wake tu, wa pili angekubali hata shilingi kumi, maana kumi ni bora kuliko patupu. Sivyo ilivyo. Katika majaribio mengi yaliyofuata, wagawaji wamekuwa wakitoa aghalabu kati ya asilimia 40 na 50, na mafungu yaliyo chini ya humusi hukataliwa mara kwa mara. Mtu yu radhi kurudi kwake mikono mitupu kuliko kuidhinisha ugawaji anaouona wa dhuluma.

Huenda msomaji akasema kwamba hao ni wanafunzi wa vyuo vya Ulaya, na kwamba mambo yao hayatuhusu. Mwaka wa 2001 Joseph Henrich na wenzake walitoa matokeo ya majaribio ya namna hiyo kutoka jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali. Miongoni mwazo walikuwamo jirani zetu Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, pamoja na wananchi wenzetu Waorma, wafugaji wa Tana River, ambako mtafiti alikuwa Jean Ensminger. Waorma walitoa kwa wastani asilimia 44 ya fedha walizopewa. Wahadzabe walitoa kama theluthi, na kukataa kulikuwa kwingi. Kipimo cha haki, basi, hutofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine; lakini hapakuwa na hata jamii moja kati ya hizo 15 iliyotenda kana kwamba kila mtu hutazama faida yake tu.

Waorma hao walipoelezwa mchezo mwingine, ambamo kila mtu huchangia mfuko wa pamoja bila kulazimishwa, wenyewe waliutambua mara moja wakauita mchezo wa harambee. Sina budi kulikariri jambo hilo, kwa maana linaonyesha kwamba maswali ya wataalamu hawa si mageni kwetu. Ni yale yale tunayojiuliza kila daftari la michango linapopitishwa: nani ametoa nini, nani anaweza kutoa zaidi, na nani amekaa kitako akingoja kuvuna jasho la wengine.

Sasa tutoke kwenye mgao tuingie kazini. Mwaka wa 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, J. Stacy Adams, alieleza kwamba mfanyakazi hupima anachotoa dhidi ya anachopata, kisha hulinganisha uwiano huo na wa mwenzake. Akiona amepunjwa, na hana njia ya kuongeza anachopata, huenda akapunguza anachotoa. Mwaka wa 1982 mwanauchumi George Akerlof aliongeza kwamba mkataba wa kazi una ndani yake mabadilishano ya zawadi: mwajiri hutoa zaidi ya kile kidogo kabisa ambacho soko lingemruhusu kutoa, naye mfanyakazi hutoa zaidi ya kile kidogo kabisa ambacho sheria za kazi zinamdai. Mwaka wa 1990 yeye na Janet Yellen, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha wa Marekani, waliandika kwamba anayelipwa chini ya kile anachokiona cha haki hupunguza bidii kwa kadiri ya pengo hilo.

Ernst Fehr na wenzake waliyapima mawazo hayo katika jaribio walilolichapisha mwaka wa 1993. Waliocheza kama waajiri walitangaza ujira, nao waliocheza kama wafanyakazi wakachagua kiasi cha bidii bila ya kuogopa adhabu yoyote. Waliotangaziwa ujira mnono walirudisha bidii kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyewalazimisha.

Hata hivyo, mwajiri asikimbilie kudhani kwamba nyongeza yoyote itamnunulia bidii ya kudumu. Uri Gneezy na John List walionyesha mwaka wa 2006 kwamba bidii inayotokana na nyongeza ya ghafla hupanda katika saa za kwanza, kisha hufifia. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2013, Sebastian Kube na wenzake waliwaajiri watu kuorodhesha vitabu vya maktaba nchini Ujerumani. Wote walitarajia yuro 15 kwa saa. Walipofika, baadhi waliambiwa watalipwa 10, na wengine 20. Waliopunguziwa walishusha kazi yao kwa zaidi ya asilimia 20. Walioongezewa hawakuzidisha chochote. Kwa ufupi, dhuluma huuma zaidi ya ukarimu unavyotuliza.

Utafiti ambao kila mwalimu mkuu angefaa kuusikia ulifanywa katika jimbo la Odisha nchini India, na ukachapishwa mwaka wa 2018 na Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani. Wafanyakazi 378 waliwekwa katika vikundi vidogo vidogo vya watu watatu, kila kikundi kikitengeneza bidhaa ya aina moja, wakilipwa kwa siku. Katika baadhi ya vikundi wote watatu walilipwa sawa. Katika vingine kila mmoja alilipwa tofauti, kulingana na uwezo aliouonyesha mwanzoni. Watafiti waliwalinganisha watu ambao ujira wao wenyewe ulikuwa ule ule, tofauti ikiwa tu ni kile walicholipwa wenzao.

Pale ambapo ilikuwa vigumu kuona nani anafanya kazi zaidi ya nani, tofauti za malipo zilileta madhara makubwa. Kazi ilipungua, na mahudhurio yakashuka kwa pointi 18 za asilimia. Ni kama kusema kwamba mahali ambapo watu 90 kati ya 100 wangefika kazini, sasa walifika 72. Walikaa nyumbani ingawa siku ya kutofika haikuwa na malipo. Ushirikiano baina yao nao ukazorota. Lakini pale ambapo kila mtu aliweza kuona kwa macho yake kwamba anayelipwa zaidi kwa hakika anazalisha zaidi, tofauti zile zile za malipo hazikuleta madhara yoyote yaliyoonekana.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mfanyakazi hachukii tofauti kwa kuwa ni tofauti. Anachokichukia ni tofauti isiyo na sababu anayoweza kuiona. Sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Na kilichositirika, watu hukitafsiri kwa ubaya.

Nimeyashuhudia haya katika shule moja niliyofundisha. Wazazi walichanga fedha za motisha kwa walimu waliokuwa wakifundisha vipindi vya ziada jioni na siku za Jumamosi. Mwalimu mkuu wa wakati huo alizigawa kwa bahasha zilizofungwa, kila mmoja akiitwa afisini peke yake. Hapakupita majuma mawili kabla ya minong'ono kuanza. Kila mtu aliamini kwamba bahasha ya mwenzake ni nene zaidi. Mwalimu wa Hisabati, ambaye alikuwa hakosi hata Jumamosi moja, akaanza kuwa na safari za mashambani. Vipindi vya jioni vikabaki kwenye ratiba tu. Muhula uliofuata alikuja mwalimu mkuu mwingine. Huyu alibandika kanuni kwenye ubao wa matangazo: kiasi fulani kwa kila kipindi kilichofundishwa, na hesabu ya vipindi vya kila mwalimu kando yake. Fedha zilikuwa zile zile, na baadhi ya walimu walipata pungufu ya walichokuwa wakipata awali. Walakini minong'ono ilikoma, na madarasa ya jioni yakajaa tena.

Katika historia ya walimu nchini, swali hili limezuka mara nyingi. Mnamo Oktoba 1997 walimu waligoma, na serikali ikakubali kuwaongezea mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza hiyo ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Baada ya awamu ya kwanza malipo yakasitishwa, na mwaka wa 1998 walimu wakarudi kwenye mgomo. Wanaolikumbuka tukio hilo kama mzozo wa fedha tu hulikumbuka nusu. Ahadi iliyoandikwa kisha ikavunjwa ni jeraha ambalo halitibiwi kwa hesabu za bajeti, na mkataba wa mwaka huo uliendelea kutajwa katika madai ya walimu kwa miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, uaminifu unanidai nitaje ushahidi unaoonekana kunipinga. Kuanzia mwaka wa 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti magharibi mwa Kenya ambapo shule 140 za msingi zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa kandarasi. Walimu hao walilipwa kama robo ya mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na serikali. Kwa hoja yangu, wangetarajiwa kulegea. Kinyume chake, walipatikana darasani mara nyingi zaidi ya wenzao, na wanafunzi wao wakafanya vyema. Je, haki imeshindwa?

Nadhani hapana. Walimu wale waliajiriwa na kamati ya shule iliyokuwa karibu nao, walijua masharti tangu mwanzo, na walikuwa na tumaini kwamba kazi njema ingewafungulia mlango wa ajira ya kudumu. Mpango wa namna hiyo ulipojaribiwa upya kwa upana, Tessa Bold na wenzake waligundua kwamba shule zilizosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali zilipata manufaa, ilhali zilizosimamiwa na serikali hazikupata chochote. Miongoni mwa yaliyoonekana upande wa serikali ni mishahara iliyocheleweshwa na mvutano kati ya serikali na chama cha walimu kuhusu ajira hizo. Funzo langu ni hili: mtu anaweza kuvumilia ujira mdogo kwa muda, mradi njia iliyo mbele yake inaonekana na anayeishika taa anaaminika. Taa ikizimwa, mshahara ule ule uliokuwa ukivumilika hugeuka tusi.

Yaliyowapata walimu wanagenzi wa sekondari msingi yanafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Tangu mwaka wa 2023 maelfu ya walimu waliohitimu na kusajiliwa walifundisha kwa marupurupu ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wenzao wa cheti kile kile, katika darasa la pili yake, wakilipwa mshahara kamili. Wengi walitaraji kuajiriwa baada ya mwaka mmoja. Kandarasi ikaongezwa mwaka wa pili. Mnamo Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri walimu waliofuzu kama wanagenzi, na Mei mwaka huo wakagoma. Hatimaye Januari 2025 walimu 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Nawajua baadhi yao. Hakuna aliyeniambia kwamba kilichomuuma zaidi ni udogo wa zile shilingi. Walisema walishindwa kueleza, hata kwa nafsi zao, kwa nini somo lao lihesabiwe kuwa nusu ya somo la mwenzao.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mambo haya yanawangoja hadi mtakapoajiriwa. Mwalimu anapowapa kazi ya kikundi, wawili wakaifanya, watatu wakapiga soga, na wote watano wakapata alama moja, wale wawili hawatajitolea mara ya pili. Mwaka wa 2000 Ernst Fehr na Simon Gächter walionyesha kwamba watu wanaochangia mfuko wa pamoja hupunguza michango yao hatua kwa hatua wanapoona wengine wanadandia. Walipopewa uwezo wa kuwaadhibu wadandiaji, walifanya hivyo hata kwa gharama yao wenyewe, na michango ikapanda. Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, usitoe alama ya kikundi pasi na kuuliza nani alifanya nini. Tena unaporudisha insha, waonyeshe wanafunzi ulivyosahihisha. Aliyepata 12 kwa 20 na akaiona sababu, ataandika upya. Aliyepata 12 asijue kwa nini, ataamini kwamba humpendi.

Kuna watakaosema kwamba maneno haya yatawapa wavivu kisingizio, kwa kuwa kila mtu hujiona anastahili zaidi. Ni kweli kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuiweka mizani mezani. Kipimo kikiwa wazi, mvivu hukosa pa kujificha, maana hesabu ya vipindi vyake iko ubaoni pamoja na ya wenzake. Kipimo kikifichwa, mvivu na aliyedhulumiwa hulalamika kwa sauti moja, na hakuna awezaye kuwatenganisha.

Lipo neno moja pia kwa mwalimu aliyedhulumiwa. Mtoto aliyeketi mbele yako hakuupanga mshahara wako, wala hakuifunga ile bahasha. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Dai haki yako kwa chama, kwa mahakama na kwa kalamu, lakini usilichukue deni la mwajiri ukamlipisha mwanafunzi wa darasa la nne ambaye hatapata nafasi ya kulisoma darasa hilo tena. Nayasema haya nikijua kwamba si mepesi. Utafiti wote nilioutaja unaonyesha jinsi moyo wa mtu unavyojirudi wenyewe unapoonewa, hata kabla mwenyewe hajaamua.

Kwa sababu hiyo mzigo mkubwa ni wa wanaogawa: wizara, Tume ya Kuajiri Walimu, kamati za shule, walimu wakuu, na sisi sote tunaoshika kalamu nyekundu. Pale panapolazimu tofauti, itolewe sababu yake hadharani. Ahadi isiyoweza kutimizwa isitolewe, na iliyotolewa iwe na tarehe. Wanaopimwa waulizwe maoni kuhusu kipimo kabla hakijatumiwa. Hatua hizo hazihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Zinahitaji tu anayepakua chakula akubali kupakua mbele ya wanaokula.